Paka Watatu wa Mama Rwamba

Mama Rwamba alizikwa Alhamisi moja ya mwezi wa nane, na mimi nilikaa kwenye hema la pili, upande unaopigwa na jua. Mjukuu wake alisoma wasifu wa marehemu kwa sauti nzuri, akataja ubatizo, ndoa, miche ya kahawa aliyoipanda kwa mikono yake mwenyewe, na kikundi cha akina mama alichokiongoza kanisani kwa miaka mingi. Kisha akasema kwamba nyanya yake alipenda wanyama, hasa paka, na kwamba hakuna aliyewahi kumwona akimdhuru mnyama yeyote. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilitazama viatu vyangu. Nilitafuta kwa macho mtu mwingine yeyote aliyepanga kwake mwaka ule na sikumwona. Ile safu ya vyumba vyetu ilibomolewa zamani, sasa pale pana miti ya makadamia, na waombolezaji vijana walikuwa wamekaa kwenye kivuli chake wakitazama simu zao. Nikajua kwamba katika mkusanyiko wote ule ni mimi peke yangu ningeweza kuuliza ni paka gani, walikufa kwa nini, na ni nani aliyebebeshwa lawama. Sikuuliza. Si mara yangu ya kwanza kunyamaza katika boma lile.

Nilifika Karurumo mwezi wa Januari, miaka ya sabini ikielekea mwisho, nikiwa mwalimu ambaye bado hajaenda chuo. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, sanduku la bati, na mfuko wa ndengu kutoka Gachoka. Kutoka Gachoka mpaka Karurumo si safari ndefu, lakini ni kutoka kwenye joto na mtama kwenda kwenye kahawa na migomba, na watu wa huku juu walikuwa na imani yao kuhusu sisi watu wa Mbeere. Waliamini tunajua dawa, na hawakuwa na maana ya dawa za kikohozi. Walilisema kwa mzaha. Nikimsalimu mtu kwa mkono, anaufuta kwenye suruali yake, wenzake wanacheka, nami nacheka nao. Lakini niligundua mapema kwamba wale waliocheka sana hawakuwahi kunywa chai kwangu. Shuleni nilijitahidi kufika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, nikijua kwamba mwalimu asiye na cheti, tena mgeni, anaweza kuachishwa kazi kwa neno moja la mzazi mwenye sauti.

Mama Rwamba, mjane mnene mwenye mwendo wa haraka, alikuwa na ploti ya vyumba vitatu vya mbao vilivyopangwa mstari mmoja kuitazama nyumba yake ya mawe. Chumba cha kwanza, karibu na lango, kilikuwa cha Fundi Ireri, mshonaji nguo, mzee asiye na mke wala mtoto. Cha kati kilikuwa changu. Cha mwisho kilikuwa cha Njue, karani wa kiwanda cha kahawa, kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na kicheko kilichotangulia maneno yake. Baada ya chumba cha Njue kulikuwa na ghala, ambamo Mama Rwamba aliweka mahindi na maharagwe yake. Kuta za vyumba vyetu hazikufika juu. Kati ya ubao wa mwisho na mabati paliachwa nafasi ya mkono mzima, na kupitia hapo tuligawana moshi wa mafuta taa, harufu ya vitunguu, na mazungumzo. Nilijua Njue anaoka mkate wake kwenye jiko upande mmoja tu. Nilijua Fundi Ireri huongea na mbwa wake kwa Kiembu kila jioni, polepole, akimweleza wateja waliokuja na vipimo vyao.

Mbwa huyo aliitwa Sajini, kwa sababu alikuwa na tabia ya kumtazama mtu kuanzia viatu kwenda juu kabla ya kumruhusu apite. Alikuwa wa rangi ya udongo, sikio moja limelala, na sikuwahi kumwona akiuma kitu kigumu kuliko ukoko wa ugali. Ugomvi wake na paka ulianzia kwenye sanduku la vipande. Fundi alikuwa na sanduku la mbao chini ya cherehani yake, pale barazani, alimotupia mabaki ya vitambaa. Sajini alilala humo. Paka watatu wa Mama Rwamba, mmoja mweusi, mmoja wa madoa, na mmoja wa kijivu aliyezeeka, waliona hapana mahali pazuri zaidi pa kulala katika Karurumo nzima. Basi kila siku saa nne hivi, jua likishapasha baraza, vita vilianza. Paka wa madoa aliwahi kurukia sufuria ya mukimo ya Mama Rwamba akimkimbia Sajini, na Sajini akakaa wiki mbili na pua iliyochanwa. Siku nyingine paka mweusi alijisaidia juu ya koti la mzee wa kanisa lililokuwa linangoja vifungo, na Fundi alilifua mara tatu kabla mwenyewe hajaja kulichukua.

Mama Rwamba alikuwa akisema kutoka mlangoni kwake kwamba siku moja mbwa yule atamtoa paka roho. Fundi alimjibu kwamba mbwa anafukuza tu, hajui afanye nini akimpata. Wote wawili walisema hayo kwa heshima, bila kupandisha sauti, na nadhani hilo ndilo lililonifanya nianze kusikiliza kwa makini. Watu wanaopigana kelele huchoka. Wanaoongea kwa upole hujiwekea akiba. Nilianza kuona Mama Rwamba akifunga jikoni kwake kwa kufuli hata anapokwenda kuchota maji hapo karibu. Niliona Fundi akikivuta chombo cha chakula cha Sajini ndani ya chumba, ambako hapo awali kilikaa nje. Njue aliniambia, akichana ndevu zake kwenye kioo alichokitundika nje, kwamba Fundi humlisha mbwa pilipili ili awe mkali. Nilimuuliza ameona wapi. Akasema, "Madamu, mambo mengine hayahitaji kuonwa."

Mwezi wa tano Fundi Ireri aliniita barazani kwake. Alikuwa amekata vipande sita vya flana, vya ukubwa mmoja, akavipinda kingo kama leso. Alinieleza alichotaka kwa mpangilio ule ule aliotumia kumweleza mteja suruali yake itakavyokuwa. Mbwa anachukia asichokijua, akasema. Paka hawa Sajini anawajua wakiwa mbioni tu. Kama harufu yao ingekuwa mahali anapolala na mahali anapokula, na kila akiisikia anapata chakula, moyo wake ungetulia. Lakini paka hawakumkaribia Fundi. Walikuja kwangu, kwa sababu nilikuwa nawawekea utando wa maziwa kwenye kifuniko cha sufuria. Akaniomba niwasugue paka kwa vile vitambaa, mashavuni na mgongoni, halafu nimrudishie. Nikafanya hivyo kwa wiki tano. Niliwasugua paka mlangoni mwangu asubuhi kabla ya kwenda shule, yeye akaweka kitambaa kimoja chini ya chombo cha mbwa na vingine kwenye sanduku, na kila baada ya siku chache tukabadilisha.

Ilifaulu. Naliandika hili bila kuongeza chochote, maana nilikuwa na desturi ya kutazama jambo kwa saa ile ile kila siku. Wiki ya pili Sajini alinyanyua kichwa paka walipopita, akakilaza tena. Wiki ya nne nilirudi kutoka shuleni nikamkuta paka wa kijivu amelala kwenye ncha moja ya sanduku na Sajini kwenye ncha nyingine, wamepeana migongo kama watu waliooana zamani. Fundi aliniashiria kwa sindano ninyamaze. Tulisimama pale tukiwatazama, naye akaniletea kiti, tukala mkate na chai yake yenye maziwa mengi, chai ya kwanza niliyonywa na mtu wa Karurumo katika chumba chake. Hatukumwambia Mama Rwamba. Fundi alitaka aone mwenyewe, na mimi sikutaka aone mikono yangu ikiwasugua paka wake kwa vitambaa.

Paka wa kwanza kufa alikuwa wa madoa. Mama Rwamba alitoka asubuhi akamkuta Sajini amesimama karibu na pipa la maji, ananusa kitu, na kitu chenyewe kilikuwa paka, amekauka. Niliinama nikamtazama. Hakuwa na jeraha, wala tone la damu, manyoya yake yamelala vizuri kabisa, isipokuwa mdomoni palikuwa na povu lililokauka. Nilisema kwamba hajaumwa. Mama Rwamba alinitazama kwa muda, akaniuliza nimejuaje, na nikahisi swali lile halikuhusu mbwa.

Huko, mtu haui paka. Wanaoenda kanisani na wasioenda walikubaliana juu ya hilo, kwamba paka aliyeuawa humfuata aliyemuua. Na kwa kuwa hakuna anayejua paka amekufaje, anayemzika ndiye anayeonekana kuwa na deni naye. Kwa hiyo paka wa madoa alikaa kando ya pipa siku nzima. Mama Rwamba alifagia akamzunguka. Njue alichota maji akamruka. Jioni nilimkuta amesogea mpaka kwenye ua wa miiba ya kei, asubuhi iliyofuata alikuwa ng'ambo ya ua, kwa jirani, na siku ya tatu nilimpita barabarani nikienda shule. Hakuna aliyemsogeza. Kila mtu alimkuta tu amefika.

Jioni ile ya siku ya tatu nilikuwa nachambua ndengu nikasikia sauti juu ya ukuta. Mama Rwamba alikuwa amekaa kwa Njue. Alisema mbwa anaua kwa meno, na paka wake hakuwa na alama ya jino. Njue akasema basi aangalie walio karibu. Mama Rwamba akasema kwamba mwalimu ni binti mwema, anasali, lakini nani anajua wanachobeba kwenye mifuko yao kutoka kule chini. Kama angepata ushahidi hata kidogo, alisema, asingegombana na mtu. Angekwenda kwa mwalimu mkuu tu. Mikono yangu ilikuwa ndani ya ndengu mpaka kwenye vifundo. Niliiacha humo humo, nisizitikise, mpaka aliposimama akaenda zake.

Siku nne baadaye, Jumatatu, nilifungua mlango kulipopambazuka nikamkuta paka mweusi amelala kwenye kizingiti changu. Nadhani alikuja kutafuta maziwa. Kifuniko cha sufuria kilikuwa pale pale, na paji lake la uso lilikuwa karibu kukigusa. Nimejiuliza mara nyingi nilifikiria nini, na ukweli ni kwamba sikufikiria. Nilichukua kipande cha gunia, nikamviringisha, nikatembea hatua tisa mpaka barazani kwa Fundi, nikamlaza kando ya sanduku la vipande. Sajini alikuwa humo. Aliamka, akanitazama kuanzia viatu kwenda juu, akapiga mkia wake kwenye mbao mara mbili. Nikarudi, nikafagia mlangoni kwangu, nikaosha kifuniko, nikafunga mlango, nikawasha jiko. Chai ilipochemka Mama Rwamba alikuwa ameshafika barazani kwa Fundi, na sauti yake, kwa mara ya kwanza mwaka ule, ilipanda.

Mkutano ulifanyika Jumapili baada ya ibada, sebuleni kwa Mama Rwamba. Viti vilikuwa vimefunikwa vitambaa vya kufuma, kulikuwa na redio iliyovishwa kitambaa pia, na sinia la viazi vitamu ambavyo hakuna aliyevigusa. Tulikuwa wanne. Mama Rwamba alikuwa mtu wa utaratibu, aliyezoea kuendesha kikundi cha kanisa, na alitaka kuwe na kumbukumbu za mkutano. Akanipa daftari la jalada jeusi. Alisema mwandiko wangu ni mzuri, na mwalimu hana upande. Niliandika tarehe, waliohudhuria, na ajenda, ambayo ilikuwa moja. Halafu Mama Rwamba akachomoa kutoka mfuko wa aproni yake vipande vitatu vya flana na kuviweka juu ya meza, kimoja baada ya kingine.

"Fundi, hivi ni nini?"

"Ni vitambaa."

"Hata mimi naona ni vitambaa. Vina manyoya ya paka wangu. Na nimevitoa mahali mbwa wako analala."

Fundi alisema alikuwa anamzoesha mbwa harufu yao ili awaache. Alieleza kama alivyonieleza mimi, lakini mbele ya viti vile vya kufuma maelezo yalikuwa kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vya mtu mwingine. Njue alicheka kidogo, akasema polisi pia hufundisha mbwa hivyo hivyo. Ananusishwa shati la mwizi, halafu anaachiliwa. Mama Rwamba akageuka taratibu kumtazama Njue, kisha Fundi, na niliona wazo lile likiingia na kukaa. Mpaka dakika ile alikuwa na mbwa ambaye hakuacha alama za meno. Sasa alikuwa na mtu mwenye nia.

"Na nani aliwasugua?" akauliza. "Paka hawaji kwako. Wanakukimbia. Nani alikusaidia?"

Kalamu yangu ilikuwa juu ya mstari. Fundi hakunitazama. Aliangalia vitambaa vyake, akanyoosha ukingo wa kimoja kwa kidole gumba, jinsi alivyonyoosha pindo lolote lile.

"Mimi mwenyewe," akasema. "Niliwavizia wakilala."

Nikaandika kwamba Fundi Ireri alikiri kuwasugua paka kwa vitambaa bila idhini ya mwenye paka. Niliandika pia uamuzi: mbwa aondoke kabla ya Jumamosi, la sivyo Fundi ahame chumba na baraza. Baraza lile ndilo lililokuwa karibu na barabara, na kwa miaka kumi na moja watu walijua ukitaka suruali unakuja lango la Mama Rwamba. Kila mmoja alitia sahihi. Fundi alitia yake polepole, kwa herufi kubwa, akanirudishia kalamu akiwa ameigeuza, kichwa cha wino upande wake, kama mtu anavyompa mwenzake mkasi.

Nimewahi kuwaambia watu kwamba nilikuwa mdogo, na ni kweli. Nimewahi pia kujiambia kwamba hata kama ningesema, Mama Rwamba asingeamini, na pengine hilo ni kweli vilevile. Lakini kadiri ninavyozeeka naona kwamba hoja hizo zote mbili nilikuwa nazo tayari pale sebuleni, zimeandaliwa, kabla hata Fundi hajafungua mdomo. Sikuzitunga baadaye kwa majuto. Nilikuja nazo.

Mfanyabiashara wa miraa kutoka Maua ndiye aliyemchukua Sajini. Alikuwa mteja wa Fundi. Akirudi kutoka Nairobi gari likiwa tupu, alisimama Karurumo kushonewa turubai lililochanika. Alihitaji mbwa wa kulinda miti yake ya miraa, kwa sababu wezi wa huko huja na panga na kukata matawi. Nilikuwa narudi kutoka shuleni siku ya Ijumaa nilipoona Sajini amekaa nyuma ya pikapu, amefungwa kwa kamba ya katani kwenye chuma. Fundi alikuwa amemwekea lile sanduku la vipande pamoja naye. Mfanyabiashara alisema sanduku halihitajiki, mbwa wa shambani halali kwenye nguo, akalishusha kwa mguu. Fundi aliliokota, akarudi nalo ndani, akafunga mlango. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, hapakuwa na sauti yoyote juu ya ukuta kutoka upande wake.

Paka wa kijivu alikufa siku kumi na sita baadaye. Mama Rwamba alikuwa amefungua ghala kutoa maharagwe ya githeri, akaniita kwa jina langu, bila kusema Mwalimu, kwa hiyo nilikimbia. Njue naye alitoka, povu la sabuni mashavuni. Paka yule mzee alikuwa amelala kati ya magunia mawili, na chini ya unyayo wake wa mbele kulikuwa na nusu ya panya. Tulihamisha magunia. Nyuma yake tulipata panya wengine, saba au wanane, wamekauka, na kwenye kona, juu ya kipande cha bati, tonge la unga wa mahindi lenye rangi ya kijani hafifu. Kando ya tonge palikuwa na kopo la maziwa ya unga, tupu, ambalo nililitambua. Nilikuwa nimeliona kwenye dirisha la Njue tangu mwezi wa nne.

Njue ndiye aliyeongea kwanza, na kicheko chake hakikutangulia. Alisema alimwambia Mama Rwamba aiweke dawa ile ya panya mbali na paka.

"Niliweka mbali," alisema Mama Rwamba. "Chini ya magunia kabisa. Paka haingii huko."

"Panya anatoka, Mama Rwamba."

Nilitazama nyuso zao mbili na nikaelewa mkutano wetu ulikuwa wa namna gani. Njue aliitoa dawa ile kiwandani bila kumwambia mtu, na angefukuzwa kazi kama ingejulikana. Ndiyo maana alicheka na kuzungumzia polisi. Mama Rwamba aliitega kwa mkono wake, na sijui hata leo kama alikuwa hajafikiria hata kidogo, au alifikiria mapema mno na kuamua kutofikiria tena. Watu wanne walikaa kwenye viti vile vya kufuma, kila mmoja akimshuku mwenzake, na watatu kati yao walikuwa wameficha kitu. Asiye na la kuficha ndiye aliyesema uongo, na uongo wake niliuandika ukiwa ukweli pekee wa siku ile.

Mama Rwamba alikaa juu ya gunia la maharagwe. Aliuliza kama kwenye lile daftari kulikuwa na nafasi ya kuongeza maneno. Nikasema ipo. Akafikiri, akasema basi tusiongeze, maana Fundi ni mtu mzima, ameshapata mahali pengine Runyenjes, na mambo yakishatulia kuyafukua ni kuwaumiza watu bure. Njue akasema ni kweli. Wote wawili wakanitazama. Nikasema ni kweli.

Fundi alikuwa amehama wiki moja kabla ya hapo. Hakufukuzwa, mbwa alikuwa ameshaondoka na makubaliano yalikuwa yametimizwa. Lakini wateja walikuwa wameanza kusema kwamba mzee yule hufundisha mbwa kuua, na mama mmoja alikuja kuchukua gauni la bintiye likiwa bado halijapigwa pindo, akasema atalipiga mwenyewe.

Ilinichukua mpaka Desemba kwenda kwake. Shule zilikuwa zimefungwa, nami nilikuwa nimepata barua ya kuitwa chuo cha ualimu, kwa hiyo, naliona hili waziwazi sasa, nilikuwa nimeshafika mahali ambapo neno lolote kutoka Karurumo lisingeweza kunidhuru. Nilimkuta kwenye kibanda kidogo nyuma ya soko la Runyenjes, ameweka cherehani yake mlangoni ili apate mwanga. Aliniita Mwalimu, akaagiza chai mkahawani, akaendelea kushona kaptura ya shule. Nilimweleza yote kwa mpangilio: panya, kopo la maziwa, Njue, Mama Rwamba. Alitikisa kichwa pale panapostahili. Kisha nikamwambia kuhusu Jumatatu ile, gunia, na hatua tisa. Mashine haikusimama. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno, akaigeuza kaptura.

"Nilikuona," akasema. "Nilikuwa dirishani namalizia suti ya harusi. Nilikuona tangu ulipofungua mlango."

Nilimuuliza mbona hakusema, kwenye mkutano, nilipokuwa nimekaa pale na daftari. Alifikiri, kama mtu anayetafuta kipimo alichokiandika zamani.

"Wangekuita mchawi. Jina hilo lingekufuata shuleni, likufuate mpaka kwa watoto wako. Mbwa ukimtukana hajui."

Chai ilikuja. Nikauliza habari za Sajini, kwa sababu nilitaka kusikia kwamba yuko salama, na pengine kwamba amesahau. Fundi alisema mtu wa Maua alipita wiki iliyotangulia, anamsifu sana. Amefungwa mnyororo mchana kutwa kwenye mti wa miraa, jioni anaachiliwa, na hakuna mwizi anayekaribia tena shamba lile. Ameuma watu wawili, mmoja vibaya. Paka wa boma lile hakubaki hata mmoja.

Alichukua kaptura nyingine, akapanga kingo mbili za kitambaa zikalingana.

"Yule mbwa mliyemwandika kwenye daftari," akasema, bila ukali wowote, "sasa yupo."

Halafu akaanza kushona.